Majani Yaliyopimwa Saa Kumi Usiku

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika bisibisi. Nilifika kwenye warsha ya mashine za ofisi mjini Kericho nikiwa nimevaa koti la marehemu baba, bisibisi zangu tatu mfukoni, nikijiona fundi kamili kwa sababu nilikuwa nimetengeneza redio za nusu ya soko la Litein. Mkuu wa Warsha alinitazama, akazichukua zile bisibisi, akazifungia kwenye droo yake. Kisha akanipeleka ofisi ya jirani ambako taipureta ilikuwa imeharibika, akavuta kiti na kukiweka nyuma ya mama aliyekuwa anaitumia.

"Kaa hapa," akasema. "Mwache apige kama siku zote. Wewe tazama tu."

"Nitazame nini, mzee?"

"Tazama mikono yake. Mashine haina mdomo. Mwenye mashine ako nao, lakini hata yeye hajui atakuambia nini. Mikono ndiyo itasema."

Nilikaa pale asubuhi nzima nimenuna. Nilidhani ananidharau. Kumbe yule mama alikuwa na tabia ya kuegemeza kiganja kwenye ukingo wa mashine kila alipofika mwisho wa mstari, na hapo ndipo chuma kilipokuwa kimepinda. Ningeifungua bila kumwona akiitumia, ningekaa wiki nzima nikitafuta ugonjwa usiokuwepo. Nilimweleza Mkuu wa Warsha. Alifungua droo akanirudishia bisibisi moja, ile ndogo.

Huyu mzee ndiye aliyenilea katika kazi. Alikuwa Mkipsigis kama mimi, mkali, mpole kwa mashine kuliko kwa watu. Betri aliita "petri" maisha yake yote, na mimi niliyekulia Litein sikuona tofauti yoyote, maana lugha yetu haitenganishi b na p. Sheria yake ilikuwa moja tu: fundi asifungue kitu kabla mwenye nacho hajakiwasha mbele yake, kwa mkono wake mwenyewe. Wenzangu walimcheka. Mimi nilimcheka pia, lakini niliifuata sheria, kwa sababu asiyeifuata alirudishwa kufagia.

Kutoka Kericho nilihamishiwa tawi dogo la Litein, chini ya Msimamizi wa Tawi ambaye alipenda sana mikutano. Nilikuwa nikienda na mkoba wangu hadi Longisa na Sotik kutengeneza taipureta na mashine za kurudufu. Miaka ya tisini ilipoanza kusonga, kompyuta zikaingia. Kwanza zilikuja zile kubwa za mezani, kisha zikaja laptopu, ambazo kwetu zilifika zikiwa tayari zimezeeka ng'ambo. Zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na skrini zake ukizitazama kwa pembeni huoni kitu. Msimamizi wa Tawi alituita akatuambia taipureta imekufa, kila mtu ajifunze kompyuta au arudi nyumbani akachume chai. Nilijifunza. Chai nilikuwa nimeshaichuma utotoni, na mgongo wangu ulikuwa haujasahau.

Acha niwaeleze vijana kuhusu betri ya saa, maana siku hizi mnaishi na simu inayojirekebisha yenyewe na hamjui kuna kitu kama hicho. Laptopu ya zamani ilikuwa na betri mbili. Moja ni ile kubwa mnayoijua, ya kuiendesha mashine bila waya. Ya pili ilikuwa ndogo, imefichwa ndani kabisa chini ya kibao cha vitufe, na kazi yake ilikuwa moja: kuihesabia mashine saa na tarehe wakati imezimwa. Nyingine zilikuwa kidonge bapa kama shilingi, kimefungwa plastiki, na waya mbili, mwekundu na mweusi. Nyingine zilikuwa vijipipa vidogo vilivyochomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi, yaani lile bamba la kijani lenye njia za umeme. Betri hii ikifa, mashine huamka kila asubuhi ikiwa imepotewa na wakati. Inalalamika kidogo kwa maandishi meupe, unabonyeza kitufe, kisha inakuuliza: leo ni tarehe gani? Na sasa ni saa ngapi?

Swali hilo la pili ndilo lililotaka kumfukuzisha kazi Pauline.

Pauline alikuwa karani wa kupokea majani katika kiwanda cha kampuni binafsi kule upande wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, mahali ambapo mvua haiombi ruhusa. Alikuwa ametoka upande wa ziwa na mumewe, mumewe akafariki, yeye akabaki na watoto watatu katika nyumba ya kiwanda. Akifukuzwa kazi, nyumba nayo inakwenda, na shule ya watoto pale kilimani inakwenda. Kila lori la majani mabichi lilipofika langoni, aliandika uzito kwenye laptopu, na mashine yenyewe ikabandika saa ya kupokea. Mwisho wa mwezi karatasi zilichapishwa zikapelekwa makao makuu.

Nilitumwa kule na betri mpya mfukoni, sijui lolote kuhusu habari hizo. Nilipoingia ofisini nilimkuta Pauline ameketi kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya Meneja wa Kiwanda.

"Fundi Koech, karibu," Meneja akasema. "Hiyo ndiyo mashine. Badilisha betri uende. Mkaguzi wa makao makuu anakuja mchana na sitaki kelele."

"Nani huitumia?"

"Alikuwa huyu madam. Lakini haruhusiwi kuigusa tena."

Nikauliza kuna nini. Meneja hakutaka kusema, lakini alikuwa mtu wa kushindwa kunyamaza. Makao makuu walikuwa wameona kwenye karatasi kwamba tangu mvua ndefu zianze, lori la kwanza la majani lilikuwa likipokelewa saa kumi usiku. Si alfajiri ya kuchuma, jamani. Usiku wa fisi. Hakuna anayechuma chai gizani. Majani yanayoingia kiwandani saa kumi usiku ni majani yaliyoibwa kwenye mashamba ya wengine, na karani anayeyapokea ni mshirika wa wezi. Hivyo ndivyo walivyofikiri, na mimi mwenyewe ningefikiri hivyo.

"Mimi sijaiba kitu ya mtu," Pauline akasema kutoka kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Saa kumi usiku mimi nimelala na watoto wangu. Uliza soja wa lango."

"Soja pia anachunguzwa," Meneja akajibu, macho chini.

Nilikuwa na njaa, barabara ilikuwa imenitesa, na betri ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Lakini mkono ulipofika kwenye bisibisi nikasikia kama Mkuu wa Warsha yuko nyuma yangu. Nikairudisha mkobani.

"Bwana Meneja, mimi sifungui kabla mwenye mashine hajaiwasha."

"Nimekuambia haruhusiwi."

"Basi nitarudi Litein na betri yangu. Utamweleza Mkaguzi mwenyewe."

Sikuwa shujaa, msinielewe vibaya. Ni kiburi tu. Nimekuwa nacho tangu utoto, mama yangu alikuwa akilia nacho. Lakini siku ile kilikaa mahali pake. Meneja alipumua, akamwashiria Pauline kwa kidevu. Nikaweka kiti changu nyuma yake nikakaa, kama nilivyofundishwa.

Pauline aliiwasha. Mashine ikalalamika, akabonyeza kitufe. Ikauliza tarehe, akaandika tarehe, sahihi kabisa. Wakati huo huo king'ora cha kiwanda kikalia, kile cha mapumziko ya chai. Mashine ikauliza saa. Bila kusita, bila kuinua macho, vidole vyake vikaandika nne, nukta mbili, sufuri sufuri.

Nikasogeza kiti karibu na skrini.

"Madam," nikasema polepole, "umeandika saa ngapi?"

"Saa nne. Si umesikia king'ora?"

Nikatazama ukuta. Kulikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, wa ratiba ya kiwanda. Saa 2, kuanza kazi. Saa 4, chai. Saa 7, chakula. Kiwanda kizima kiliishi kwa ubao ule na kwa king'ora kile. Pauline hakuwa na saa ya mkononi. Tangu betri ife, kila asubuhi aliwasha mashine king'ora cha kuanza kazi kikilia, inamuuliza saa, naye anaijibu kwa ukweli wote wa Mungu: saa mbili. Anaandika mbili. Lakini mashine haikuzaliwa Kimulot. Kwake yeye, siku huanza usiku wa manane, na mbili ni saa nane usiku. Ikaanza kuhesabu kutoka hapo, na lori la kwanza lilipofika saa nne asubuhi, jua limeshawaka, wachumaji wamelowa umande mpaka magotini, mashine ikaandika nne yake: saa kumi usiku.

"Bwana Meneja," nikasema, "saa yako ya mkononi inasema saa ngapi?"

"Saa nne, si king'ora kimelia?"

"Mshale mfupi uko kwenye namba gani?"

Akatazama. "Kwenye ku..." Akatazama tena, kisha akaitazama skrini, kisha ubao. Alikaa chini polepole na kumtazama Pauline, na nikaona kwamba hakuwa amependa hata kidogo kumkalisha kwenye lile benchi.

Msicheke. Sisi sote tunasoma kumi na kutamka nne, tunafanya hivyo tangu utotoni na hatujui kama tunafanya. Mdomo hugeuza wenyewe. Na Mkaguzi alikuwa ameshamuuliza Pauline kwenye simu, kwa Kiingereza, anaandika saa gani asubuhi, naye akajibu saa ya king'ora. Mkaguzi aliridhika, kwa sababu alijua king'ora ni cha saa mbili. Kila mtu alisema kweli.

Pauline ndiye aliyechelewa kuelewa, kwa sababu alikuwa na hofu zaidi yetu. Nilimweleza mara mbili. Alipoelewa hakufurahi, aliweka mikono kichwani. "Kwa hivyo ni mimi nimejiharibia! Sasa nani ataamini? Watasema tumepanga na fundi."

Hapo alikuwa na haki. Meneja naye akaanza kuharakisha: weka betri, rekebisha saa, mambo yaishe. Nikakataa mara ya pili. Nikamweleza kwamba nikiweka betri mpya, mashine haitauliza saa tena, na Mkaguzi hataona kilichotokea. Ataona fundi aliyefika asubuhi na mashine iliyopona ghafla. Ugonjwa ulikuwa shahidi wetu wa pekee. Kwa hiyo tukaiacha laptopu ilivyo, mgonjwa wetu, juu ya meza, tukasubiri. Pauline alirudi kwenye benchi lake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Hakula chakula cha mchana.

Mkaguzi wa Makao Makuu alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mwenye miwani na viatu vilivyoshindwa na matope yetu. Nilimwogopa mara moja. Meneja alimweleza, mimi nikaongezea, naye akasikiliza bila uso wake kusogea. Tulipomaliza akasema, "Hadithi nzuri."

Pauline akafunga macho.

"Nzuri sana," Mkaguzi akaendelea, "lakini mtu anaweza kuitunga. Madam, chakula chenu ni saa ngapi?"

"Saa saba mpaka saa nane, sir."

"Wakati huo unapokea majani?"

"Hapana. Mzani unafungwa. Hata lori likifika linangoja nje."

Akatoa zile karatasi za makao makuu kwenye mkoba wake, akaziweka mezani, akatoa kalamu. Alianza kupitisha kidole, mstari kwa mstari, siku kwa siku. Tulisikia mashine za kukaushia majani zikinguruma chini. Alikuwa akiangalia kitu kimoja tu, nasi tukakielewa pamoja naye: kati ya saba na nane za ile mashine, yaani saa moja hadi saa mbili asubuhi, hapakuwa na mstari hata mmoja. Siku zote. Kiwanda cha kwenye karatasi kilikuwa kikifunga mzani na kwenda kula ugali kabla watu hawajaamka vizuri.

Kisha akamwita soja wa lango, akamuuliza lori la kwanza hufika lini. Soja, mzee wa Kipsigis aliyekuwa amekasirika tangu juzi, akasema, "Hio lori? Inakuja nyuma ya king'ora ya chai. Kila siku. Hata jana. Nimesema hifyo mpaka nimechoka."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akachukua kalamu akaanza kuongeza sita pembeni ya kila mstari, yeye mwenyewe, mpaka ukurasa wa kwanza ukaisha. Halafu akamgeukia Pauline, na kwa mara ya kwanza hakumwita madam.

"Mama, nilitumwa kutafuta mwizi. Nimepata saa. Unisamehe."

Pauline alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, na Meneja wa Kiwanda akatoka nje kuangalia mvua iliyokuwa haijaanza kunyesha.

Betri niliibadilisha jioni ile, Pauline akiwa ameketi karibu, maana alisema anataka kumwona huyo aliyetaka kumhamisha. Niligusa bomba la maji kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini, kwani cheche usiyoiona inatosha kuua bodi. Nikafungua skrubu za chini, nikainua kibao cha vitufe taratibu, maana utepe unaokiunganisha ni mwembamba na hausamehi. Betri ilikuwa ya aina ya kuchomelewa, nayo ilikuwa imetoa maji yake, yakaacha unga wa kijani kwenye bodi. Unga huo hula njia za shaba kama mchwa. Nilipaka siki kidogo kwa mswaki wa zamani mpaka ulipoacha kutoa povu, nikafuta kwa spiriti, nikangoja ikauke kabisa. Kisha nikayeyusha risasi, nikaitoa ya zamani, nikaweka mpya, chanya mahali pa chanya. Kwa bahati laptopu ile ilikuwa na akili ya kuitambua diski yake. Nyingine betri ikitoka husahau hata hiyo, na usipoandika mipangilio kabla ya kufungua utajuta.

Tulipoiwasha nikamwachia Pauline kiti. Alitazama nje, akatazama saa ya Meneja, akahesabu kwa vidole, akaandika saa kwa kidole kimoja. Nikamwambia sasa tuizime, tung'oe waya, tukanywe chai. Tuliporudi tukaiwasha. Haikuuliza kitu. Ilikuwa imehesabu muda wote ule gizani, peke yake, na saa yake ilikuwa sawasawa na ya Meneja.

"Inajua!" Pauline akasema, akapiga makofi kama mtoto.

Kesho yake alibandika karatasi juu ya ubao wa chaki, kwa herufi kubwa: KOMPYUTA – ONGEZA SITA. Baadaye alifanywa mkuu wa makarani, na kila karani mpya alianzia kwenye karatasi ile. Wanawe walimalizia shule pale pale kilimani, na binti yake mmoja sasa anafanya kazi Litein.

Mimi niliendelea na mkoba wangu, nikarudi Kericho, nikaishia kukaa kwenye kile kiti cha Mkuu wa Warsha. Vijana walioletwa kwangu walijua kompyuta kunizidi, na nilifurahi, nikajifunza kwao. Nilichowaongezea ni kidogo: nilifungia bisibisi zao kwenye droo siku ya kwanza. Walininunia kama nilivyonuna mimi. Mmoja amefungua duka lake Bomet, na nimesikia naye ana droo.

Siku yangu ya kustaafu vijana hao walinitengenezea kadi nzuri za mwaliko, wakazichapa kwa kompyuta. Zilisema sherehe ni saa 2.00. Maana yake ilikuwa saa nane mchana, kila mtu alijua. Mimi nilikwenda warsha asubuhi na mapema kusafisha meza yangu, peke yangu, na sitaficha kwamba nilikuwa na huzuni. Mke wangu hakuwepo tena kuiona siku ile, na nyumbani kulikuwa kunanisubiri ukimya.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Pauline, amevaa nguo ya kanisani, thamosi mkono mmoja, mkono mwingine mandazi yamefungwa kwenye kitambaa. Naye alikuwa amestaafu, amerudi kwao upande wa ziwa. Alikuwa amesafiri jana yake akalala kwa binti yake ili afike.

"Madam, sherehe ni saa nane!" nikamwambia.

"Kadi imesema mbili," akajibu, akijipangusia kiti. "Na mimi naamini kompyuta."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Tukakaa. Tukanywa chai, akanihadithia habari za wajukuu wake, nikamhadithia habari za mke wangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya na mtu. Vijana walipofika mchana na viti na keki, walitukuta bado tunaongea. Zile saa sita za tofauti zilizotaka kumtoa kazini, siku ile aliniletea mimi, na sijawahi kumuuliza kama alikosea.